Mnatucheka juu ya kulilia paka?

Tangu wiki tatu sisi watu wa sendika ya wachimbaji hapa Mubi, teritware ya Walikale, tunachekwa. Motari wakipita mbele ya ofisi yetu wanapunguza mwendo na kuita "nyau, nyau". Sokoni mama mmoja alituuliza kama tumekwisha kumaliza matanga. Na mzee mmoja mwenye mashimo, wale tunawaita PDG, alisema mbele ya watu: "Batu banakufa kila siku, na nyinyi munalilia paka? Hii sendika inakuwa ya banyau?"

Tulinyamaza kwa heshima, juu yeye ni mkubwa wetu kwa miaka. Leo tunajibu.

Ni kweli, paka wetu alikufa na tulilia. Hatuombi msamaha kwa hilo. Lakini tunaomba mtu ajue kwamba ugonjwa uliomuua una jina, na una chanjo, tena chanjo ya zamani ambayo paka wa Ulaya wanapigwa bila mtu kuona ni ajabu. Kama chanjo hiyo haikufika Mubi, kuna sababu. Sababu ileile ndiyo inafanya chanjo ya shurua ichelewe kufika kwa watoto wetu. Mwenye kutaka kutucheka atucheke, lakini asome kwanza mpaka mwisho.

Tuanze na kazi, juu sisi ni watu wa kazi. Wale hawajalala kwenye karieri hawajui panya ni nini. Mjini panya ni aibu ya nyumba. Kwenye karieri panya ni mshahara unaopotea. Wazee wetu waliofanya kazi Bisie tangu kasiterite ilipoonekana pale mwaka 2002 wanakumbuka: kila kikombe cha maharagi, kila kilo ya unga, kila sabuni, ilipanda mlima juu ya mgongo wa mtu, ndani ya pori, kwa mwendo wa siku mbili. Watu walioshuka na mfuko wa kilo 50 za mawe walipandisha chakula. Ndiyo maana maharagi ya kule juu yaliuzwa bei mara nyingi kuliko ya chini. Basi panya akiingia usiku mmoja katika kibanda cha shitingi, akatoboa mfuko, akala kidogo na kukojolea yanayobaki, amekula siku nzima ya mtu aliyeinama ndani ya tuneli na tochi kichwani.

Na si chakula tu. Panya hali koltani, hilo tunajua, lakini anakata mfuko. Mfuko uliokatwa ukifika kwenye depo, kilo zinapungua, na palabre inaanza: mchimbaji anasema ulikuwa mzima, mbebaji anasema aliupokea hivyo, negosia anasema yeye analipa kile mizani inaonyesha. Sisi tunaitwa kuamua. Tumeamua palabre nyingi ambazo mkosaji hakuwa na jina wala kadi ya uchaguzi, alikuwa na mkia.

Kwa hiyo paka katika karieri si mapambo. Huko Rubaya, Masisi, ambako wengi wetu tulichimba koltani kabla ya kukimbia, kibanda chenye paka kilijulikana, na watu waliomba kuweka mifuko yao pale usiku. Wataalamu wa ONU wanasema Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ndani ya telefone za dunia nzima mna mawe yaliyolala salama chini ya macho ya paka wa Masisi. Mtu anaweza kucheka, lakini ni hesabu tu.

Mwisho wa Aprili 2024, M23 walipochukua Rubaya, watu walitawanyika. Wengine walishuka Sake na Goma, wengine walipita Nyabiondo na kuingia upande wa Walikale. Kati ya waliofika kwetu alikuwapo mama mmoja mjane, mtwangaji wa mawe, pamoja na watoto wanne, sufuria, na kikapu. Ndani ya kikapu kuku wawili na paka jike mwenye mimba. Walinzi wa barieri moja njiani walimuuliza kama huyo paka naye analipa. Mama akajibu: "Huyu hana hata kitambulisho, mbaba." Wakacheka, akapita. Kizazi cha kizazi cha paka yule ndicho kilituletea wetu.

Tulimpokea akiwa mdogo sana, ameacha tu kunyonya, rangi ya majivu na kifua cheupe. Siku ya kwanza alipanda juu ya mizani tunayotumia kuhakikisha kilo za wanachama, akalala pale. Tulisoma: gramu 700. Basi akaitwa Kilo, kwa matumaini kwamba atafika. Na alifika, akapita. Kila Jumatatu katibu wetu, mtu mkali asiyecheka hata siku ya malipo, alimpima na kuandika uzito wake pembeni ya kitabu cha makusanyo. Tuliona namba hizo kwanza wakati wa kukagua kitabu. Hakuna aliyesema kitu.

Alikuwa na miezi mitano hivi na kilo 1.8 alipoanza kufanya kazi kweli. Panya watatu kwa usiku mmoja, aliwapanga mlangoni. Wachimbaji wakipanda au wakishuka walipita kumsalimia. Kuna mmoja, kijana wa Masisi, aliyewazika wadogo zake wawili katika kambi ya wakimbizi. Tangu afike kwetu alisema maneno yanayohitajika tu: ndiyo, hapana, kiasi gani. Huyo tulimsikia akimhadithia paka mambo ya kwao jioni nzima. Kwetu hilo lilikuwa zaidi ya panya.

Halafu, Jumanne moja, Kilo hakula. Tulimwekea sambaza, akanusa, akageuka. Kesho yake alitapika povu la njano. Alikaa ameinama juu ya kopo la maji, kichwa karibu kugusa maji, bila kunywa. Mwenye kuwa na paka akumbuke picha hiyo: paka anayekaa juu ya maji kama anayetaka kunywa na hawezi, ni alama mbaya. Siku ya tatu aliharisha, na mharisho ulikuwa na damu.

Hapo ndipo tulianza kutafuta munganga wa nyama. Tulitafuta kama mtu anayetafuta rezo juu ya kilima, huku na huku. Mubi hakuna. Njingala hakuna. Walikale-centre walituambia yuko mmoja aliyekuwa akitibu mbuzi, lakini alikimbia mwezi wa Machi 2025, M23 walipoingia pale, na walipoondoka mwanzoni mwa Aprili yeye hakurudi. Mwishowe tulipata kwa telefone infirmye mmoja wa mifugo, mtu wa Masisi aliyezoea ng'ombe, ambaye naye sasa ni mkimbizi. Alitusikiliza vizuri, akauliza umri, akauliza kama kuna paka wengine waliokufa karibu. Tulipouliza jirani tukajua: vitoto viwili vya paka nyumba ya tatu, wiki ileile. Akasema: "Karibu hakika ni tifusi ya paka."

Tunaeleza alichotuambia, juu tumeona watu wengi hawajui. Kwa Kifaransa wanaiita "typhus du chat", lakini haina uhusiano na tifusi ya watu, na haiambukizi mtu. Ni virusi ya paka, ndugu ya ile parvo inayoua vitoto vya mbwa. Inapenda paka wadogo, wa miezi michache. Inaingia kwenye utumbo na kuuharibu, na inamaliza chembe nyeupe za damu, zile askari za mwili, hivi kwamba ugonjwa mwingine wowote unakuta mlango wazi. Kitoto cha paka kisichotibiwa mara nyingi kinakufa ndani ya siku chache. Dawa ya kuua virusi hiyo haipo. Kinachosaidia ni serumu, joto, dawa ya kuzuia kutapika, antibiotiki juu ya vijidudu vinavyofuata, na bahati.

Tulimpa maji yenye chumvi na sukari kidogo kwa sirenge isiyo na sindano, tone kwa tone, kama yule infirmye alivyosema. Tulimfunika na koti. Watu wema walileta walicho nacho. Kijana mmoja alileta nusu ya tembe ya parasetamoli, na ni vizuri telefone ilikuwa bado wazi, juu infirmye alipiga kelele: hapana! Parasetamoli inaua paka. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kama mwili wetu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, na ini linaharibika. Hata nusu ya tembe ya mtu mkubwa inatosha kumuua. Mmesikia? Mwenye paka asimpe parasetamoli hata siku moja, hata akihurumia namna gani.

Kilo alikufa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Katibu alimpima mara ya mwisho, kilo 1.4, akaandika. Yule kijana wa Masisi alichimba shimo nyuma ya ofisi, refu kuliko linalohitajika, juu yeye ni mchimbaji na hajui kuchimba shimo fupi, na juu mbwa wasifukue. Kisha alikaa chini akalia, sauti ya juu, kwa muda mrefu. Ndiyo, na sisi wengine tulilia. Huyo ndiye motari wanamwigiza barabarani. Aliwazika wadogo zake bila machozi, na machozi yalimpata kwa paka. Sisi hatuna shule ya kueleza hilo. Tuliyaona tu, na tunajua haikuwa juu ya paka peke yake.

Sasa wacha tuulize wanaocheka. Tarehe 26 Septemba 2021, hapa hapa Kivu ya Kaskazini, upande wa Rumangabo, gorila anayeitwa Ndakasi alikufa kwa ugonjwa wa muda mrefu. Alikufa mikononi mwa mlinzi wake, André Bauma, mtu aliyemtunza tangu mwaka 2007, alipookolewa akiwa na miezi miwili hivi, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa kwa risasi. Bauma alisema mbele ya dunia nzima kwamba alimpenda kama mtoto. Picha yake amemkumbatia ilizunguka magazeti ya kila nchi. Nani alimcheka? Hatujasikia motari wa Rutshuru wakimwigizia sauti ya gorila.

Na kama gorila ni mkubwa mno kwa mfano, tuchukue panya. Panya mwenyewe, adui yetu! Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha wale panya wakubwa wa pori, ambao kwetu Walikale tunawala kwa ndizi, kunusa mabomu yaliyofukiwa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Alipokufa Januari 2022, radio kubwa za dunia zilitangaza habari ya kifo chake. Panya alitangazwa. Sisi tumelia paka nyuma ya ofisi yetu, bila radio, na tunaambiwa tumepoteza akili.

Tunaona tofauti iko wapi. Gorila wanaleta watalii, kwa hiyo wana waganga wao, na ni vizuri. Ng'ombe wa Masisi ana bwana mwenye feza, kwa hiyo wakati wa amani alikuwa na infirmye, dawa ya kupe, na chanjo. Yule mtu wa telefone alisomea kazi kwa ng'ombe hao. Maziwa na jibini la Masisi vinajulikana mpaka Kinshasa. Vita vilipokula ng'ombe, waganga wao walitawanyika, na pamoja nao hata kile kidogo ambacho mbwa na paka walipata kwa bahati, siku infirmye alipokuja kwa ng'ombe na mama fulani akamwita: "Papa, niangalilie na huyu." Paka hana bwana mwenye feza. Bwana wa paka ni mtwangaji, mchimbaji, mjane wa kikapu. Nyama wa maskini anakufa kama maskini mwenyewe.

Huko Lamu, pwani ya Kenya, kisiwa chenye vichochoro ambapo gari halipiti, mizigo inabebwa na punda. Tangu mwaka 1987 punda wa kule wana hospitali yao, mwenye punda anamleta bila kulipa. Watu walikubali kwamba aliye chini ya mzigo atunzwe. Sisi hatuna punda. Mzigo unabebwa na watu, na usiku unalindwa na paka. Hatujaomba hospitali.

Tunajua swali linalokuja, na ni swali la haki: mnaomba chanjo ya paka wakati watoto hawana? Shurua ya 2019 na 2020 iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo nzima, wengi wao watoto wadogo. Mpox ilipopata nguvu mpya mwaka 2023, ilianzia Kamituga, Kivu ya Kusini, mji wa wachimba dhahabu kama sisi. Sisi wenyewe tumepoteza watoto. Hatuhitaji mtu atukumbushe.

Lakini angalieni chanjo inavyosafiri. Chanjo ya mtoto inahitaji baridi kutoka inapotoka mpaka inapoingia mkononi. Ya paka vilevile. Ile ya ugonjwa wa mbwa wenye wazimu, rage, vilevile. Sanduku la baridi ni moja, frigo ya jua ni moja, motari ni mmoja, barabara ni moja, na barieri zinazomsimamisha njiani ni zilezile. Hakuna mtoto atakayekosa nafasi juu ya vichupa vya paka, vidogo kuliko kidole, vilivyowekwa pembeni. Kinachokosekana Mubi ni hilo sanduku na mtu wa kulibeba. Siku litakapofika kwa ajili ya mmoja, litakuwa limefika kwa wote.

Na kuhusu rage, hapo hatuongei tena juu ya huruma. Ugonjwa huo unaua karibu watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, karibu nusu yao watoto, na alama zikishatokea karibu hakuna anayepona. Unatoka kwa mbwa zaidi, lakini paka naye anaweza kuupata na kuuma. Njia ya kuuzuia ni kuchanja mbwa na paka. Katika karieri zetu mbwa wanazunguka kila mahali na hakuna aliyechanjwa. Mtu akiumwa, aoshe kidonda na maji na sabuni kwa dakika 15 palepale, halafu akimbie kituo cha afya. Akimbie, tunasema, kama serumu na chanjo viko huko ni swali lingine, na ndilo swali letu.

Turudi kwa panya, juu hawakuhudhuria matanga. Yule infirmye alituambia virusi ya tifusi ya paka ni ngumu: inaweza kubaki mwaka mzima mahali ilipoanguka, na sabuni haiiui. Javeli iliyopunguzwa na maji inaiua, lakini juu ya sakafu iliyosafishwa kwanza. Sakafu yetu ni udongo. Tumechoma koti na kikapu, tumeosha kopo na meza kwa javeli, lakini udongo huwezi kuuosha. Kwa hiyo kitoto kipya kisichochanjwa hatuwezi kukileta kabla ya mwaka kupita, tungekileta kufa.

Ndani ya wiki tatu, panya wamerudi kama wapangaji wenye mkataba. Wametoboa mifuko miwili ya unga ya wanachama. Mtoto wa jirani ameumwa kidole cha mguu akiwa amelala. Na watu wamefanya kile watu wanafanya: wamenunua sumu. Sokoni inauzwa ndani ya karatasi ndogo, bila jina, bila maandishi, unga mweusi au wa pinki, pembeni ya chumvi. Wanaichanganya na ndagala na kuiweka chini ya kitanda, mahali watoto wanatambaa. Kuku wanne wa jirani wamekwisha kufa. Mpaka tunaandika, Mungu amesaidia, ni kuku tu. Mzee wetu PDG aliyetucheka, tulimwona sokoni naye akinunua karatasi mbili.

Ndiyo gharama ya paka mmoja wa kilo 1.8. Chanjo yake ingepigwa mara ya kwanza akiwa na wiki nane hivi, ikarudiwa mara mbili au tatu mpaka afike miezi minne. Ni vichupa vichache tu.

Feza iko? Hatutaki kusikia kwamba haiko. Mgodi wa Bisie, hapa Walikale, unatoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Kazi ilisimama Machi 2025 juu ya vita, na mwezi uliofuata ikaanza tena, na sisi tulifurahi juu ndugu zetu wanakula pale. Kodi ya madini, ile wanaita "redevance", sheria ya migodi ya 2018 inaigawa waziwazi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au shefferi ambako mawe yanatoka, 10 kwa vizazi vijavyo. Tena kila kampuni inaweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sheria hiyo tumeisoma kwa sauti katika mikutano, kifungu kwa kifungu, mpaka wengine wakasinzia. Na upande wa Rubaya, wataalamu wa ONU waliandika mwaka 2024 kwamba M23 wanakusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kwa takse za koltani. Kwa hiyo upande wa serikali feza inakusanywa, upande wa waasi feza inakusanywa, na katikati mchimbaji analipa kila barieri. Hakuna kilo inayopita bila kulipiwa. Infirmye mmoja wa mifugo, pikipiki moja na sanduku moja la baridi kwa kila teritware, Masisi na Walikale: mtu asituambie hesabu hiyo inashinda madini haya yote.

Koperative nazo zisijifiche nyuma ya serikali. Kwa kila mfuko unaopita depo tunakatwa hiki na kile, na vingine hatujui majina yake. Tunaomba kidogo sana cha makato hayo kiwekwe pembeni, kwa kitabu kilicho wazi, kwa chanjo za mbwa na paka wa karieri mara mbili kwa mwaka. Sisi tuko tayari kupita kambi kwa kambi kuhesabu nyama hao na kuwashika siku ya sindano. Na kushika paka siku ya sindano, ndugu zetu, ni kazi ya wanaume.

Kwa sasa, mwenye paka mgonjwa amtenge na wengine, amweke mahali pa joto, amnyweshe kidogo kidogo, asimpe dawa ya mtu. Akifa, amzike chini sana, achome alipolalia, aoshe mikono na viatu kabla ya kwenda kwa jirani mwenye paka, juu virusi hii inatembea na viatu. Na sumu ya karatasi aiache sokoni.

Barua mbili tumekwisha kuandika kwa wakubwa juu ya frigo ya jua ya kituo cha afya, iliyoharibika tangu vita. Hazikujibiwa. Ya tatu inakwenda wiki ijayo, na safari hii tumeongeza mstari mmoja juu ya chanjo ya mbwa na paka. Katika mkutano wa Jumapili mwanachama mmoja aliuliza kama tuutoe, wasije wakatucheka na huko ofisini. Tulipiga kura kwa kunyanyua mikono. Mstari umebaki.